Mume wangu asema sebule si ukumbi wa dansi

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni muuguzi hapa Tabora mjini, nakaa Isevya na mume wangu na watoto wetu wawili. Huwa nakusoma ukiwajibu watu mambo ya redio na muziki wa nyumbani. Leo nimeamua nikuandikie na mimi, maana shida yangu nusu ni ya fundi na nusu ni ya ndoa, na huku nyumbani sina wa kumweleza zote mbili akanielewa.

Marehemu baba alikuwa mtu wa reli. Alipofariki, kaka zangu waligawana kiwanja na baiskeli. Muziki wake hakuna aliyeutaka, nikauchukua mimi: amplifaya ya Pioneer ya zamani yenye uso wa rangi ya fedha, pleya ya santuri, spika mbili kubwa za mbao na maboksi matatu ya santuri. Humo mna dansi za hapa nyumbani, rumba za Kongo, taarabu chache, na zile nzito zinazovunjika ambazo naye alizipata kwa baba yake.

Mwanzo nilivichukua kwa kumbukumbu tu. Lakini Mjomba, nimenogewa. Nikitoka zamu ya usiku, watoto wako shule na mwenzangu yuko kazini, natoa santuri kwenye ganda lake, naipangusa vumbi, nashusha mkono taratibu, nakaa. Nimeanza kusikia vitu ambavyo kwenye simu sikuwahi kuvisikia. Nasikia mwimbaji anavyovuta pumzi kabla ya kuanza. Namsikia mpiga tumba anavyochelewa kidogo nyuma ya wenzake, kwa makusudi kabisa, mpaka mwili unataka kuinuka.

Sasa matatizo. Spika ya kushoto inapotea, nikizungusha kitufe cha sauti inakwaruza halafu inarudi. Besi inavuma sana, maneno ya mwimbaji yanamezwa. La ajabu, nikikaa kwenye kochi nasikia besi tupu, nikisimama mlango wa jikoni ndipo nasikia vizuri. Tena santuri nyingi zikikaribia mwisho wa upande sauti inachafuka. Kwenye mkono wa pleya kuna sarafu ya senti hamsini, ile ya sungura, baba aliibandika kwa utepe ili sindano isirukeruke. Nimeiacha hapo kwa heshima yake.

Nilimwita fundi. Hakufungua hata skrubu moja. Alisema vitu hivi vimeshakufa, transista zake hazipatikani, nichukue sabufa ya wati 3000. Tukajaribu kuchomeka pleya kwenye sabufa ya jirani, sauti ikatoka nyembamba, ya mbali, kama mtu anaimba ndani ya debe. Akasema basi na pleya nayo imekwisha.

Nikaona mtandaoni mtu wa Dar anauza amplifaya iliyotoka Japani kwa 850,000, anataka nusu itangulie ndipo aipandishe basi. Hela ninayo, ni mgao wangu wa kikoba. Ila mimi na mume wangu tulishakubaliana mgao huo uingie kwenye bati za nyumba tunayojenga. Habari ya amplifaya sijamwambia.

Mume wangu si mtu mbaya, ananisaidia na watoto na hana makuu. Lakini hili la muziki halimwingii. Spika moja iko juu ya kabati la vyombo, ya pili iko chini nyuma ya kochi, kwa kuwa ndiko alikokubali zikae. Anasema sebule si ukumbi wa dansi, na mwanamke mzima kukaa mchana kusikiliza santuri watu watatuonaje. Mama mkwe akija anaguna, anasema nyumba ina kelele za baa.

Na kaka yangu mkubwa amempata mtu anayenunua santuri za zamani. Anatoa 2,000 kwa kila moja, anachukua maboksi yote. Kaka anataka tuuze tugawane.

Ninunue ile ya Japani? Niuze hizi za baba nikae kwa amani? Na mume nimwambieje?

Mpwa wako,
Isevya

*

Marahaba, mpwa wangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee.

Nianze na yule wa Dar kwa sababu anasubiri: usimtumie hela. Ya kwanza ni hiyo hiyo uliyoitaja mwenyewe, kwamba mgao ulishapangiwa bati, nayo nitairudia. Ya pili ni umeme. Umeme wa majumbani Japani ni wa volti 100, wetu ni 230. Amplifaya zilizotengenezwa kuuzwa ndani ya Japani nyingi zina transfoma ya volti 100 peke yake, bila swichi ya kubadilisha. Ukiichomeka ukutani hapo Isevya, ukibahatika itakatika fyuzi, usipobahatika utanusa moshi. Ili uitumie inabidi ununue na transfoma ya kushushia umeme, yenye nguvu ya kutosha, na iwe inayoshuka mpaka 100 hasa, kwa kuwa zile za 110 zinazouzwa sana zinaizidishia. Na kama ina redio ndani, FM ya Kijapani kwa miaka mingi ilikuwa ya megahezi 76 hadi 90. Stesheni zetu zimetawanyika kati ya 87.5 na 108, kwa hiyo nyingi hutazikamata. Muuzaji asiyekutajia volti kabla hujauliza, mimi simwamini na nusu ya hela yangu.

Hiyo ya baba, kabla ya yote, igeuze uangalie mgongoni. Pioneer nyingi za zamani zilizotengenezwa kwa soko la nje zina kibonyezo cha kuchagua volti. Hakikisha kimekaa kwenye 220 au 240. Ikiwa watoto wanafika huko nyuma, bandika utepe mgumu juu yake wasije wakakichezea.

Sasa sabufa ya wati 3000. Namba hiyo ni ya kuuzia. Igeuze sabufa yoyote ya dukani, usome kibandiko panapoandikwa inakula umeme kiasi gani. Mara nyingi utakuta wati 80, pengine 100. Chombo hakiwezi kutoa nguvu inayozidi ile inayoingia, hiyo haina mjadala. Amplifaya za zama za baba ziliandikwa wati zake kwa kipimo cha kweli, yaani nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo bila kuharibu sauti, ndiyo maana unaona namba ndogo kama 25 au 40 ukadhani ni dhaifu. Spika kubwa za mbao za wakati ule, nyingi ukizipa wati moja tu zinatoa karibu desibeli 90 (desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti) ukiwa mita moja mbele yake. Ukitoka wati 30 ukaenda 60 unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaihisi kwa shida. Ili mtu aseme sauti imekuwa maradufu, nguvu inatakiwa ipande karibu mara kumi. Kwa sebule ya nyumba ya kawaida, mzee alikuachia nguvu ya kutosha na ya akiba.

Na pleya haijafa. Hili limeniuma, kwa sababu pleya nyingi nzuri zimetupwa jalalani kwa kosa hili hili. Sindano inapopita kwenye mfereji wa santuri, kinachozalishwa ni umeme mdogo mno, milivolti chache tu. Tena santuri inapokatwa, besi hupunguzwa makusudi na sauti za juu huinuliwa, ili mfereji usiwe mpana ukala nafasi, na mkwaruzo usizidi. Viwanda vya Marekani vilikubaliana kipimo kimoja cha kufanya hivyo mwaka 1954, kinaitwa RIAA, na dunia ikakifuata. Kwa hiyo anayepokea sauti ya pleya ana kazi mbili: aikuze karibu mara mia, na airudishie besi yake huku akizishusha zile za juu. Ndani ya Pioneer yako kazi hiyo inafanywa na sakiti iliyo nyuma ya tundu lililoandikwa PHONO. Sabufa ya jirani ina AUX peke yake, tundu la sauti iliyokwisha kukuzwa, nayo hupokea kama ilivyo. Ile sauti nyembamba ya mbali uliyoisikia ndiyo sauti halisi ya pleya nzima iliyochomekwa pasipo pake.

Fundi aliyekataa kufungua skrubu, muage kwa wema na usimrudie. Tafuta mwenye mita mkononi, anayefungua, anayepima, anayekuonyesha kabla hajabadilisha kitu. Mwambie unataka mambo machache: asafishe kitufe cha sauti, swichi ya kuchagua spika na ile ya kuchagua chanzo kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia swichi, umeme ukiwa umezimwa, kila kimoja akizungushe na kukirudisha mara nyingi mpaka uchafu uachie. Kukwaruza na kupotea kwa spika ya kushoto, kisha kurudi ukigusa kitufe, kwa kawaida ni kutu na vumbi tu kwenye migusano. Aangalie pia ule ukingo laini unaozunguka koni ya wufa, yaani ile spika kubwa ya besi. Ikiwa ni wa sponji, kwa umri huo unaweza kuwa umeoza unapukutika kwa kidole, na unabandikwa mwingine bila kutupa spika. Wewe usiifungue amplifaya mwenyewe. Kapasita zake kubwa zinabaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi.

Tuje kwenye senti hamsini.

Najua kwa nini mzee aliiweka. Wengi walifanya hivyo, sindano ikianza kuruka mtu anaongeza uzito. Lakini sindano ya kawaida inataka kukandamiza kwa uzito wa gramu 2 hivi, mara nyingi kati ya 1.5 na 2.5. Sarafu ile peke yake inazidi hapo. Ukiiweka juu, ncha ile ya almasi, ambayo huioni vizuri bila kioo cha kukuza, inaulima ukuta wa mfereji kila inapopita, na kile inachokitoa hakirudi tena. Sindano inaruka kwa sababu: imechakaa, au mkono haukupimwa uzito, au pleya imekaa upande. Nyuma ya mkono wa pleya kuna kipande cha chuma kinachozunguka. Kazi yake ni kuongeza au kupunguza uzito huo. Bandua sarafu leo, ukaitunze pamoja na picha za mzee. Heshima yake imo kwenye zile santuri, na sarafu ndiyo inayozimaliza.

Kisha ununue sindano mpya. Hiki ndicho kitu ambacho ningetolea hela kabla ya kingine chochote. Ncha ya almasi inatumika kwa saa kama 500 hadi 1,000, na hiyo ya baba nina hakika imepita huko zamani sana. Ule uchafu wa sauti unaousikia mwishoni mwa upande ndio ushahidi. Santuri kubwa huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika mwanzo hadi mwisho, lakini ukingoni mfereji unapita chini ya sindano kwa kasi ya karibu sentimita 50 kwa sekunde, na karibu na kibandiko cha katikati ni kama 20 tu. Mawimbi yale yale yamebanwa kwenye nafasi ndogo, na ncha iliyochakaa haiwezi tena kuingia kwenye vikona vyake. Soma jina na namba iliyo kwenye kichwa cha sindano, upige picha, uagizie sindano ya kichwa hicho hicho. Kubadilisha ni kuvuta na kuchomeka, huhitaji fundi. Ikifika, ijaribu kwanza kwenye santuri ambayo hata ikiharibika hutalia.

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu ndipo fundi na ndoa vinapokutana. Vyombo vya baba vinakutosha. Kinachokosekana ni mahali pa kuvikalisha, na mahali penyewe ni pa watu wawili. Hakuna amplifaya ya Japani wala ya popote itakayokutengenezea sauti wakati spika moja iko juu ya kabati na nyingine iko nyuma ya kochi.

Umeniambia kwenye kochi unasikia besi tupu na mlango wa jikoni unasikia vizuri. Nitabashiri: kochi limegusa ukuta. Besi hujilimbikiza kwenye kuta, na kwenye pembe ndiyo zaidi, kwa hiyo aliyekaa ameegemea ukuta anakunywa besi yote ya chumba. Chini ni vigae, kuta za saruji, hamna kitu cha kuinyonya sauti, basi kila neno la mwimbaji linakufikia moja kwa moja na kisha linakufikia tena mara kadhaa kutoka kwenye kuta, yanagongana. Ndiyo maneno kumezwa huko. Vuta kochi mbele hatua moja. Tandika zulia, au mkeka mnene, kati yako na spika. Pazia zito dirishani linasaidia sana kuliko watu wanavyodhani. Spika zote mbili ziwe ukuta mmoja, kimo kimoja, zitoke ukutani kama sentimita 50, na ile spika ndogo ya sauti za juu iwe sawa na masikio yako ukiwa umekaa. Umbali kati ya spika na spika ulingane na umbali wa kutoka kila moja hadi kwako.

Kujua kama umepatia, hapo mzee amekuachia kipimo kizuri kuliko chochote cha dukani. Santuri nyingi ndogo za miaka ya 1960 ni za mono, sauti ile ile inatoka spika zote mbili. Weka moja, kaa katikati, ufumbe macho. Mwimbaji anatakiwa asimame hewani katikati ya spika, pasipo na kitu. Ikiwa sauti imetawanyika, huijui inatoka wapi, na besi imekimbia, basi waya wa spika moja umegeuzwa, mwekundu umekaa pa mweusi. Zima amplifaya, urudishe, usikilize tena. Siku utakayomsikia yule mtu wa tumba akiwa na mahali pake pale sebuleni kwako, hutauliza tena habari za wati.

Hayo yote huwezi kuyafanya bila mkwe wangu. Na kusema kweli hajakosea yote. Spika zimewekwa ovyo, besi inavuma nyumba nzima, na besi ndiyo inayopenya ukuta ikawafikia wengine huko vyumbani, wakati ule utamu unaousikia wewe unabaki sebuleni. Yeye anapata mvumo tu. Hata mimi ningelalamika.

Basi mwite mkae, watoto wakiwa wamelala, na hela ikiwa bado haijatoka. Mwambie wazi: nilitaka kununua amplifaya kwa mgao wa kikoba, nimeacha, bati zinunuliwe kama tulivyopanga. Usimfiche hata hilo la kutaka, maana akija kulikuta kwenye simu yako baadaye, santuri zote zitageuka kuwa ushahidi. Kisha umwombe vitu viwili. Sindano, ambayo si hela ya kugombania. Na stendi mbili za mbao za kukalishia spika. Mko Tabora, mko kwenye mninga. Mpeleke yeye mwenyewe kwa seremala, achague umbo na rangi, ziwe samani ya sebule yake na yeye. Runinga ikae katikati, spika kushoto na kulia, na sauti ya runinga ipelekwe kwenye AUX ya Pioneer. Mpira nao atausikia kwa spika za baba mkwe wake. Simaanishi umhonge. Nasema chombo kilichokaa sebuleni kiwe cha wote waliomo sebuleni.

Ila lile neno la mwanamke mzima kukaa mchana kusikiliza santuri, hilo silikubali, na ningependa alisome. Wewe umetoka kukesha na wagonjwa. Wanaume wangapi hapo hapo Isevya wanashinda kwenye bao toka asubuhi na hakuna anayeuliza watu watawaonaje? Kusikiliza muziki kwa makini, ukiwa umetulia, santuri nzima upande hadi upande, ni mapumziko ya mtu mwenye akili timamu. Mwombe saa zako, zijulikane, na wakati huo pasiwe na maneno. Wewe nawe, wao wakiwa ndani, shusha sauti.

Na kushusha kuna ufundi wake. Sikio la binadamu sauti ikiwa ndogo halizisikii besi vizuri, Fletcher na Munson walilipima jambo hilo Marekani mwaka 1933. Ndiyo sababu muziki wa chini unaonekana umekonda, na mtu anajikuta anaongeza, anaongeza. Amplifaya nyingi za umri wa yako zina kitufe kimeandikwa LOUDNESS. Watu hukibonyeza wakati wa sherehe, na hapo ndipo kisipohitajika. Usiku, sauti ikiwa ndogo, kibonyeze. Besi itarudi kwa kiasi, na chumba cha pili hawatajua kama unasikiliza. Mchana ukipandisha, kiachie. Masikio yako unayafahamu kuliko mimi: desibeli 85 kwa saa nane ndio mpaka unaowekwa kwa watu wa viwandani, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu.

Mama mkwe usibishane naye. Muulize ujana wake aliusikilizia wapi. Kama ni mtu wa hapo hapo, Tabora Jazz ilikuwa bendi ya mjini kwake. Mwambie achague yeye kwenye boksi. Kama atakataa, amekataa, umempa nafasi.

Umeme wa radi usiupuuze. Mawingu yakijikusanya, chomoa plagi na waya wa antena kabisa. Vile vifaa vya kulinda friji vinasaidia umeme unapopanda na kushuka, radi haviiwezi.

Mwisho ni kaka na maboksi. Anayetaka kuchukua yote bila kuchagua, kwa bei moja, anajua kilichomo kuliko mwenye boksi. Santuri nyingi za bendi zetu za miaka ya 1960 na 1970 zilitengenezwa Nairobi, nyingine kwa idadi ndogo, na leo wako watu ng'ambo wanaozitafuta kwa udi na uvumba. Nyingine hazina thamani yoyote sokoni. Hujui ipi ni ipi mpaka umeziorodhesha. Mwambie kaka, tena kwa heshima, kwamba hivi ni vitu vya urithi na hutavificha, lakini haviuzwi kwa kilo. Kaeni siku moja na daftari: jina la bendi, jina lililo kwenye kibandiko, namba ya kibandiko, na zile herufi zilizokwaruzwa kwenye santuri karibu na kati. Andikeni na hali yake. Zikiwa na Kiko Kids ndani, bendi ya mji wenu huo huo, nisingependa ziondoke Tabora kwa 2,000. Zile zilizojirudia na zilizokwisha, uzeni mgawane kwa amani. Na zisilazwe chini ya kitanda zikabebana. Zisimamishwe wima, mbali na dirisha la jua, la sivyo kiangazi kitazipinda.

Zile nzito zinazovunjika zitenge peke yake. Ni za mizunguko 78, mfereji wake ni mpana, na sindano yako ya kawaida ikiingia humo inaburuzika chini kwenye uchafu, inaumia na inaumiza. Zinataka sindano yake pana. Na wewe ni muuguzi, spiriti iko karibu na mkono wako, kwa hiyo nakukataza mapema: usizifute kwa spiriti. Zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu, na spiriti huuyeyusha. Utaufuta wimbo wenyewe. Tumia kitambaa laini kikavu tu. Ukishazipanga, niandikie majina yaliyo kwenye vibandiko vyake, nami nitakuelekeza sindano ya kutafuta.